Haikuwa Windows

Nilimdanganya mama wa watu. Kompyuta tatu za stesheneri yake nilizibadilisha usiku, duka limefungwa na yeye keshalala, na asubuhi nilipomrudishia funguo nikamwambia nimempigia Windows mpya, nyepesi, isiyoshika virusi. Haikuwa Windows. Ilikuwa Xubuntu, mmoja wa ukoo wa Linux, na sehemu kubwa ya usiku ule niliitumia kuivika sura ya Windows XP: picha ya kilima cha kijani na mawingu, kitufe cha kuanzia kwenye kona ya chini kushoto, aikoni ya pipa la taka palepale alipoizoea. Kama ningeamini kweli kwamba namfanyia hisani, nisingehangaika kuificha.

Mama alifurahi. Kompyuta ziliwaka upesi kuliko zilivyowahi kuwaka. "Mungu akubariki, mwanangu," akasema, akanipa soda na noti ya elfu kumi, nami nikapokea vyote viwili.

Duka lilikuwa Morogoro, jirani na chuo, la aina ambayo kila aliyesoma Tanzania anaijua: mashine ya kopi yenye kelele, mashine ya kubaindi, rimu za karatasi, peni, vocha, na karibu na mlango kompyuta za mitumba ambazo kila mpita njia huchomeka fleshi yake. Wiki za kukusanya ripoti za fildi foleni ilifika barabarani. Nyuma ya kaunta alikaa binti mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga darasa la kompyuta. Kila alichokijua alikijulia hapohapo, na alikijua kwa vidole. Mteja akiwa bado anaeleza anataka nakala ngapi, yeye keshabonyeza. Picha za pasipoti saizi alikuwa akizikata, akizitia usuli wa bluu na kuzipanga nane kwenye karatasi moja kwa muda ambao mimi ningekuwa bado natafuta faili liko wapi. Mimi ndiye niliyesomea kompyuta. Naomba msomaji asilisahau hilo.

Ilikuwa 2014. Tarehe 8 Aprili mwaka ule Microsoft waliacha kuitunza Windows XP. Kuanzia hapo tundu lolote jipya lingebaki wazi. Siku tisa baadaye, tarehe 17, likatoka toleo la Ubuntu 14.04 na wadogo zake, Xubuntu akiwamo. Mimi niliiona ile kama ratiba iliyopangwa mbinguni. Nilikuwa muumini wa siku nyingi. Nikiwa mwanafunzi niliwahi kuletewa kwa posta diski ya Ubuntu, bure kabisa, hata stempu hukulipia. Kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth, yule Msauzi aliyekwenda angani mwaka 2002, ilikuwa ikizituma duniani kote mpaka ilipoacha mwaka 2011. Nilisimulia kwa kila aliyekubali kunisikiliza kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilishatoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili tangu 2004. Niliona aibu kwamba nchi nzima inaendesha ofisi zake kwa Windows za wizi, zilizofunguliwa kwa vifaa vya kuvunjia leseni ambavyo vyenyewe mara nyingi vilibeba virusi. Hayo yote yalikuwa kweli na bado ni kweli. Ila hayakuwa sababu.

Sababu ilikuwa usingizi wangu. Wakati ule fleshi za wanafunzi zilikuwa na ugonjwa ambao kila mtu aliuita virusi vya shotikati. Ukifungua fleshi unakuta folda zako zimegeuka njia za mkato, ukibofya unaiambukiza kompyuta, na kompyuta inaambukiza kila fleshi itakayofuata. Faili zenyewe hazikupotea, zilifichwa tu. Mtu aliyejua amri ya attrib aliweza kuzifichua. Mtu huyo nilikuwa mimi. Mama alinipigia nikila, nikiwa kanisani, nikiwa na watu ambao sikutaka wajue kwamba kazi yangu ni kusafisha fleshi. Malipo yalikuwa soda, mara chipsi mayai. Nikatafuta dawa ya kuniondolea simu za mama. Virusi vile viliandikwa kwa ajili ya Windows, kwenye Linux havina pa kushika, kwa hiyo nikaweka Linux. Yeye nilimwambia namponya yeye.

Na kwa virusi, tuwe wa haki, nilishinda. Binti wa kaunta aligundua haraka kwamba fleshi yenye shotikati ikichomekwa sasa, folda zilizofichwa zinaonekana bila shida na uchafu unafutwa kwa kubofya. Akaanza kutoza kusafisha fleshi. Wanafunzi wakaelekezana. Laiti ningekuwa na akili ningetazama pale nikaona jibu limekaa mezani: kompyuta moja ya mlangoni iwe Linux, ipokee fleshi za watu na kuzisafisha, zile mbili za kazi zibaki kama zilivyo. Sikuona. Muumini hataki kompyuta moja.

Siku ya kwanza tu ilinipa taarifa zote nilizohitaji, kama ningekuwa mtu wa kupokea taarifa. Mteja alileta barua iliyoandikwa kwa fonti ya Calibri, ile iliyokuwa ikija yenyewe kwenye Word tangu toleo la 2007. Kompyuta zetu hazikuwa nayo, LibreOffice, niliyoiweka badala ya Word, ikatumia fonti nyingine pana zaidi, na barua ya ukurasa mmoja ikamwaga mistari miwili ya mwisho na sahihi kwenye ukurasa wa pili. Kwa Times New Roman hukuona tatizo, kwa sababu ipo fonti huria, Liberation, iliyochongwa kwa vipimo vilevile vya upana. Kwa Calibri nayo ilikuwepo ya namna hiyo, inaitwa Carlito, na kuiweka ni kazi ya dakika chache. Sikuiweka kwa sababu sikujua kwamba inahitajika, na sikujua kwa sababu kabla ya kubadilisha sikuwahi kukaa dukani hata asubuhi moja nikaangalia watu wanaleta nini.

Kadi ndizo zilikuwa mbaya zaidi. Kwa miaka yote ya duka, kadi za michango ya harusi, za send-off, za kipaimara, ratiba za mazishi, zote zilitengenezwa kwa Publisher, na mama alizihifadhi. Mteja akija alionyeshwa za nyuma, anachagua, binti anabadilisha majina na tarehe na namba za kamati, imekwisha. Zile faili zilikuwa mtaji kama ilivyokuwa mashine ya kopi. LibreOffice ilizifungua kwa namna yake: ua huku, jina la bwana harusi kule, fremu juu ya maandishi. Nilimwambia binti azipange upya, moja moja, "utazoea." Photoshop nayo ilikuwa imekwenda, mahali pake nikaweka GIMP. Ni programu nzuri, naitumia mpaka leo. Lakini vidole vyake vilikuwa vimejifunza njia nyingine, na mtu aliyesimama mbele yake ana basi la saa nne na anataka picha za pasipoti.

Hilo neno "utazoea" nimelisema kwa watu wengi katika maisha yangu ya ufundi. Kila mara nililisema huku nikivaa begi mgongoni.

Intaneti ya duka ilitoka kwenye modemu ndogo ya USB. Ilishika mtandao vizuri hata kwenye Linux, lakini ile programu iliyokuja ndani yake, ambayo mama aliitumia kupiga namba za kununua bando na kuangalia salio, ilikuwa ya Windows peke yake. Bando likiisha ikabidi atoe laini kwenye modemu, aitie kwenye simu, anunue, airudishe. Printa ilikuwa ya leza ya bei nafuu, zile ambazo akili yake yote iko kwenye kompyuta: yenyewe inasubiri kupewa ukurasa uliokwishapikwa, na aliyeandika programu ya kupika ni mtengenezaji wake, kwa Windows. Nilizungukazunguka mpaka ikachapa. Ila umeme ukikatika katikati ya kazi, na Morogoro ya mwaka ule umeme ulikuwa ukikatika, foleni ya printa ilijisimamisha na kukaa hivyo mpaka mtu mwenye nywila aiamshe.

Nywila niliijua mimi peke yangu.

Niliwaambia ni kwa usalama, wasije wakaharibu mambo bila kukusudia. Yalikuwa ni maelezo ya kitabuni na nilijisikia mtaalamu kuyasema. Matokeo yake mwanamke mwenye duka lake, mwenye leseni ya biashara ukutani, hakuweza kuamsha printa yake mwenyewe bila kunipigia. Nilikuwa nimeondoa simu za virusi nikaleta simu za printa, na hizi sikuzichukia sana, kwa kuwa zilinifanya nijione wa lazima.

Sasa nifike kwa yule mwanafunzi.

Alikuwa mwaka wa tatu, msimamizi wake amemrudishia ripoti ikiwa na masahihisho kila ukurasa, mengine yameandikwa hadi pembeni na nyuma ya karatasi. Hakuwa na laptopu. Akamlipa binti amchapie. Binti alichapa sura nzima na ushee, jioni mpaka usiku, akihifadhi kwenye fleshi ya mwenyewe moja kwa moja, kwa sababu desturi ya duka lile ilikuwa kutoacha kazi za wateja kwenye kompyuta; wanafunzi waliogopa kunakiliwa. Alipomaliza akahifadhi mara ya mwisho, akaona imehifadhiwa, akachomoa, akazima taa, akaenda nyumbani.

Linux, faili linapopelekwa kwenye fleshi, kwanza hulishika kwenye kumbukumbu yake, humwonyesha mtumiaji kwamba kazi imekwisha, kisha huendelea kuliandika kwenye fleshi taratibu. Ndiyo maana ni lazima uiagize iitoe fleshi, usubiri ikuruhusu, ndipo uchomoe. Windows XP kwa fleshi desturi yake ilikuwa kuandika hapohapo. Aliyechomoa ghafla mara nyingi alisalimika. Binti alikuwa amechomoa fleshi kwa namna ileile tangu alipoanza kazi, na hakuwahi kudhurika. Mimi nilijua tofauti hii. Ni moja ya mambo ambayo mtu wa Linux hujifunza wiki ya kwanza. Sikumwambia, maana kumwambia kungekuwa kuanza mazungumzo ambayo yangeishia kwenye swali la kwa nini Windows hii mpya haifanani na Windows.

Asubuhi faili lilikuwepo kwa jina tu. Ukubwa wake sifuri.

Nilipoitwa nilitambua kilichotokea kabla sijakaa kitini. Mwanafunzi alikuwa amesimama, macho mekundu. Mama alikuwa ananiangalia mimi, binti anaangalia kibodi. Nikasema fleshi za siku hizi nyingi ni feki. Halafu, kwa kuwa fleshi ilikuwa inafanya kazi vizuri na kila mtu aliona, nikaongeza: "Na pia, dada, unatakiwa uwe unachomoa kwa utaratibu."

Sentensi ya pili ilikuwa ya kweli. Ndiyo inayonisumbua kuliko uongo wote niliowahi kusema. Mama alimrudishia mwanafunzi pesa yake, akakata kwenye mshahara wa binti, na binti akaichapa sura ile upya bila malipo, usiku mbili. Mimi nilirudi kwangu nikasoma kwenye simu makala ya mtu wa Ulaya aliyemwekea bibi yake Linux na bibi hakuwahi kulalamika.

Baada ya hapo mama alianza kumwona binti kama mtu aliyeshuka. Kadi zinachelewa, picha zinachelewa, wateja wanahamia duka la jirani. "Huyu mtoto siku hizi mzito, sijui ana mambo gani," aliniambia mimi, ananitaka ushauri. Nikasema vijana ndivyo walivyo. Miezi michache baadaye binti aliacha kazi, au aliachishwa; nilisikia habari zote mbili na sikuuliza ipi ya kweli. Wakati huo nilikwishapata ajira Dar es Salaam, na mambo ya Morogoro yakawa ya simu.

Mtu akiniuliza leo mfumo endeshi mzuri ni upi, namuuliza kwanza anakaa na nani. Sisemi mzaha. Pale mtaani Windows ilikuwa na mafundi kila kona, na watoto wa jirani, na wanafunzi waliokuwa wakimwelekeza binti wakiwa kwenye foleni: "Dada, bonyeza pale juu." Xubuntu yangu ilikuwa na mtu mmoja, naye alikuwa amepanda basi. Nilimng'oa yule mama kutoka kwenye mji wenye visima kila mtaa nikampeleka penye kisima kimoja kirefu, maji safi, kamba nikaondoka nayo. Na hata ningebaki, mtu mmoja si msaada. Ni foleni nyingine.

Mwaka uliofuata kompyuta moja ilianza kugoma kuwaka, bila shaka kwa sababu ndogo. Mimi sikupatikana kwenye simu siku ile, au tuseme niliona jina nikaacha ilie. Mama akamwita fundi wa karibu. Fundi yule namwelewa kabisa, pengine mimi ningefanya hivyohivyo kama ningekuwa na maarifa yake: alitoa diski, akaichomeka kwenye laptopu yake ili aokoe vitu kwanza, na Windows ikamwambia diski hii haiwezi kutumika mpaka iformatiwe. Windows haisomi kwa kawaida namna ambayo Linux hupanga faili zake, na badala ya kusema "sijui hii ni nini", husema hivyo. Fundi akamweleza mama kwamba virusi vimekula diski yote. Akaangalia zile mbili nyingine, nazo hivyohivyo. Akazipiga Windows 7 zote tatu.

Kadi zote zilikwenda. Miaka ya harusi na vipaimara na mazishi ya nusu ya mtaa. Zilikuwa kwenye diski moja, nilikozihamishia mimi usiku ule, na nakala ya akiba hakuna. Hilo la kukosa nakala hata sihitaji kulieleza. Fundi anayebadilisha mfumo wa mtu bila kumwachia nakala nje hana utetezi kwenye mfumo wowote.

Mama alinipata baadaye kwa namba nyingine. "Mwanangu, ile Windows yako imeliwa na virusi." Nikamwambia pole sana mama.

Nilijua diski zile zilikuwa nzima. Nilijua pia kwamba siku zile za mwanzo baadhi ya faili zingeokolewa: ipo programu inaitwa PhotoRec, ya bure, inayochimba diski iliyofutwa na kutoa inachokikuta, ingawa majina ya faili hupotea. Kila siku kompyuta zikiendelea kutumika, kinachookoleka kinapungua. Dar hadi Morogoro kwa basi ni saa chache tu. Sikwenda. Ningekwenda ningelazimika kueleza kwa nini fundi hakuweza kuisoma diski, na kueleza hivyo ni kueleza yote. Basi nikaacha Windows 7 ijiandike juu ya kadi zake, nami nikiwa nimekaa ofisini nikifundisha wenzangu umuhimu wa programu huria.

Nimeyasema haya kwa mama mwenyewe mwaka 2025, ana kwa ana, dukani. Alinipigia kwa sababu wateja walikuwa wakimtisha kwamba Windows 10 inakufa. Sikuwa na mpango wa kuungama. Nilikwenda kuangalia kompyuta. Lakini aliponionyesha kijana mpya wa kaunta akasema, "Huyu afadhali, yule wa zamani alikuja kuniharibikia kazi," mdomo wangu ukakataa kuitikia. Nikamweleza, kuanzia picha ya kilima.

Alinisikiliza huku akihesabu karatasi. Mambo ya Linux na Windows hayakumgusa. Sidhani kama hata leo anaona tofauti yake ni ya maana. Kadi zilimuuma, aliguna. Kilichomsimamisha ni mshahara. "Kwa hiyo nilimkata yule mtoto bure?" Nikasema ndiyo. Akaenda ndani, akarudi na simu yake, akanisomea namba. "Mpigie. Mimi nitaongea naye baadaye, wewe ndiye uanze."

Nilimpigia nikiwa nimesimama nje ya duka. Yuko Dodoma, anafanya kazi ya ukatibu kwenye ofisi. Alinikumbuka kwa sauti. Nilieleza vibaya, nikachanganya mambo ya kumbukumbu na fleshi, akanikatisha: "Ile ripoti ya yule kaka haikuwa mimi?" Nikamwambia haikuwa yeye. Akasema kwamba mpaka leo akinakili kitu kwenye fleshi anaifungua tena kuangalia kama kimo, ofisini wanamcheka. Halafu akaniuliza, kwa hasira ambayo nilikuwa nimeistahili kwa miaka kumi na moja, kama najua mshahara wenyewe ulikuwa shilingi ngapi. Sikujua. Akanitajia. Nimemtumia ile iliyokatwa, na kidogo juu yake, akajibu "imefika", basi.

Kompyuta za sasa za mama ni za mitumba vilevile, ila bora: prosesa za Intel za kizazi cha sita. Windows 11 rasmi inataka kizazi cha nane kwenda juu, na kile kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Matunzo ya kawaida ya Windows 10 yalikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa watumiaji wa nyumbani Microsoft waliongeza mwaka mmoja kwa wanaojiandikisha. Yaani ni 2014 tena, na mimi nimesimama palepale na fleshi yenye Linux mfukoni, ndiyo, nilikuwa nayo. Safari hii sikuichomeka. Niliomba stuli nikakaa kando ya kijana wa kaunta kutwa nzima, nikanyamaza, nikaandika kila kilichochomekwa na kila kilichochapwa. Ni kazi ya kuchosha na nilipaswa kuifanya siku nyingi.

Mambo yamehama bila kuniuliza. Nusu ya wateja hawaleti fleshi, wanatuma kwa WhatsApp. Kadi kijana anazitengeneza kwa Canva, ndani ya kivinjari, ambako mfumo wa chini ni mamoja. Publisher yenyewe, ambayo kwayo nilimvunjia mama duka, Microsoft wametangaza kuacha kuihudumia Oktoba 2026. Kilichobaki cha Windows kweli ni printa, Word za wanafunzi na mkono wa kijana. Nilimwonyesha Linux Mint, nikaiita kwa jina lake, ikiendeshwa kutoka kwenye fleshi bila kugusa diski, nikamwachia aichezee akiwa na wateja. Aliipenda kwa fleshi chafu. Kwa kuchapa tasnifu akasema hapana, na sikubishana naye.

Mama ndiye aliyeamua: ya mlangoni Mint, mbili za ndani zijiandikishe kwa ule mwaka wa nyongeza, halafu ataona kama pesa ya kununua nyingine itapatikana. Nakala ya kila kitu iko kwenye diski ya nje, anaifungia kwenye droo ya fedha. Fundi wa jirani nilimwita akaangalia Mint ilivyokaa. Alinuna kidogo, kisha akaomba fleshi ile aende nayo. Nywila mama aliiandika mwenyewe kwenye daftari la madeni, ukurasa wa mbele kabisa, kwa sababu ndilo daftari pekee ambalo halipotei. Jina langu nalo lipo humo, kwa kopi na kubaindi vya siku nyingi ambavyo aliniambia hajanisamehe.